Kabla ya Kununua Hisa za Nikeli, Uliza Betri Imetengenezwa kwa Madini Gani

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanachama wenzangu wa chama chetu cha kuweka na kukopa, asanteni kwa kunipa nafasi. Mmeniomba nizungumzie uwekezaji kwenye madini ya betri, kwa kuwa wengi wenu mnaletewa matangazo ya hisa za nikeli na kinywe (grafiti). Nina hoja moja: bei ya madini haya haiamuliwi shimoni. Inaamuliwa na mkemia anayechagua betri iundwe kwa madini gani, na mwenye kiwanda cha kuyasafisha.

Nianze na Kabanga, mashapo ya nikeli, kwa sababu ni yetu. Iko Ngara, mkoani Kagera, na mwamba wake una nikeli karibu asilimia 2, kiwango kikubwa sana kwa madini hayo. Iligunduliwa miaka ya 1970. Kampuni kubwa za madini za kigeni, Barrick na Glencore, zilipita pale, zikaondoka. Sasa iko mikononi mwa Lifezone Metals, iliyoorodheshwa New York, na Serikali yetu ina asilimia 16 ndani ya Tembo Nickel, kampuni ya mradi huo, kiwango kilichowekwa na mabadiliko ya sheria ya 2017, mwaka wa sakata la makinikia, yaani mchanga wenye madini.

Machi 2022 bei ya nikeli kwenye soko la metali la London ilivuka dola 100,000 kwa tani, soko likasimamishwa. Waliopandisha bei ile ni wafanyabiashara waliobanwa na madeni ya mikataba yao, si viwanda vya betri, lakini matangazo ya hisa hayakusema hivyo. Mwaka 2024 tani moja ilikuwa ikiuzwa kwa dola 16,000 au 17,000 hivi. Indonesia ilikuwa imepiga marufuku kusafirisha mawe ghafi ya nikeli tangu 2020, Wachina wakaenda kujenga mitambo hukohuko, na sasa zaidi ya nusu ya nikeli inayochimbwa duniani inatoka nchi hiyo. Hata BHP, kampuni kubwa ya madini, ilisimamisha kazi zake za nikeli Australia Magharibi mwaka 2024. Mwaka uliofuata ikauza hisa zake za Kabanga. Mawe ya Ngara hayakuwa yamebadilika hata kidogo.

Na bado sijagusa upande wa mkemia. Betri hii mezani ni ya pikipiki ya umeme, kama zile za bodaboda wanaobadilishia betri vituoni Kigali na Nairobi. Walio mbele someni kibandiko: LFP. Maana yake lithiamu, chuma na fosfeti. Haina nikeli. Haina kobalti.

Miaka mingi betri ya namna hii ilidharauliwa kwa magari, kwa kuwa kwa uzito uleule hubeba umeme mchache kuliko ya nikeli. Kilichoiinua ni ufungaji. CATL na BYD, watengenezaji wa betri wa China, waliondoa visanduku vya kati, wakapanga seli moja kwa moja ndani ya kasha la gari, nafasi iliyookolewa ikajazwa seli zaidi. BYD walitoa yao mwaka 2020. Ni ya bei nafuu, haishiki moto kwa urahisi, na inastahimili kuchajiwa mara nyingi zaidi. Kufikia 2024 aina hii ilikuwa imechukua karibu nusu ya soko la betri za magari duniani. Aliyenunua hisa za nikeli kwa hesabu kwamba kila gari la umeme litahitaji nikeli alipoteza nusu ya wateja wake, na hakuna mgodi ulioharibika.

Ndugu zetu wa Kolwezi na Likasi wanayajua haya kwa uchungu zaidi. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, lakini huko kobalti hutoka pamoja na shaba. Mgodi unaofuata shaba hauachi kuchimba eti kobalti imeshuka, kwa hiyo mzigo unazidi kuja sokoni. Februari 2025 bei ikawa imeshuka chini ya dola 10 kwa ratili, Serikali ya Kinshasa ikafunga usafirishaji kabisa, na Oktoba ikaanza kugawa viwango. Mimi nawaunga mkono. Mwenye mali aliyeachwa bila kauli ya bei hana silaha nyingine.

Sasa kinywe. Pitisheni kichupa hiki, mguse. Vile vipande vinavyong'aa vinateleza vidoleni na kuacha weusi wa risasi ya penseli. Kinywe ndicho kinachojaza upande hasi wa karibu kila betri ya lithiamu, iwe ya nikeli au ya chuma, na gari moja hubeba makumi ya kilo. Kwa hiyo wenye kinywe, Mahenge na Ruangwa mkoani Lindi, wana nafasi ambayo Kabanga haina.

Lakini hicho mlichoshika si cha kuingia kwenye betri. Kinasagwa, kinaviringishwa kuwa chembe za mviringo, na hapo sehemu kubwa hugeuka vumbi lisilofaa. Kisha kinasafishwa kwa asidi kali hadi kufikia asilimia 99.95. Kazi hiyo karibu yote inafanyika China, na China pia hutengeneza kinywe cha kiwandani kutokana na mabaki ya mafuta, mshindani mkubwa wa cha kwetu. Desemba 2023 China ilianza kudhibiti kinywe inachouza nje ya nchi, na ndipo wanunuzi wengine wakaanza kutafuta mlango mwingine. Kampuni ya POSCO ya Korea Kusini imesaini kununua cha Mahenge.

Kwa hiyo mkiletewa hisa, ombeni ripoti ya upembuzi yakinifu. Msianze na ukubwa wa mashapo. Tafuteni bei waliyoikadiria, muiweke kando ya bei ya leo. Ulizeni mnunuzi ni nani na amesaini au ana nia tu. Ulizeni nani atasafisha. Na ulizeni wametoa hisa mpya mara ngapi, kwa sababu kampuni isiyo na mauzo hulipa mishahara kwa kuuza hisa, na kila toleo jipya hupunguza fungu lako.

Fedha ya ada ya mtoto isiingie huku. Mwenye ziada, anayeweza kungoja miaka kumi bila gawio, mimi ningemshauri aangalie kinywe kabla ya nikeli, na kampuni yenye mpango wa kusafisha kabla ya ile ya kuchimba tu. Mwenyekiti, naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma.