Walioligomea basi: wanawake wa Montgomery

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tuko Montgomery, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, na mwaka ni 1955. Naomba nianze na basi lenyewe, maana usipolielewa basi hutaelewa hasira za watu. Viti 10 vya mbele ni vya Wazungu, hata kama vyote viko tupu na huko nyuma watu weusi wamesimama wamebanana. Unapanda mlango wa mbele, unalipa senti 10 zako, halafu dereva anakuamuru ushuke uzunguke, upandie mlango wa nyuma.

HAMISI: Na kuna madereva waliokuwa wakiondoa gari ukiwa bado unazunguka.

ZUHURA: Nauli imeliwa, na kazini unachelewa.

HAMISI: Halafu tazama ni nani hao waliokuwa wakipanda. Robo tatu hivi ya abiria ni weusi, na wengi wao ni kina mama wanaofanya kazi za ndani kwenye nyumba za Wazungu. Wanapika, wanafua, wanalea watoto wa watu. Kampuni ya mabasi iliishi kwa senti zao.

ZUHURA: Ndiyo maana huwa inaniuma sana, kaka Hamisi, nikisikia ikisimuliwa kwamba Rosa Parks, yule mama mweusi aliyekamatwa ndani ya basi, alichoka miguu, akakataa kusimama ampishe Mzungu, na siku chache baadaye mji mzima ukagoma. Kwanza Rosa Parks alikuwa katibu wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, kwa miaka mingi, alijua vizuri anachokifanya. Pili, huwezi kuwafanya maelfu ya watu waache basi siku moja kama hakuna aliyeketi akapanga.

HAMISI: Na hapo ndipo anapoingia Jo Ann Robinson.

ZUHURA: Ndipo hapo. Jo Ann alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika Chuo cha Jimbo la Alabama. Mwaka 1949, karibu na Krismasi, alipanda basi lililokuwa karibu tupu, akaketi mbele bila kufikiria. Dereva akamjia juu, akamkaripia mpaka akashuka analia. Kulikuwa tayari na Baraza la Kisiasa la Wanawake, lililoanzishwa mwaka 1946 na mwalimu mwenzake, Mary Fair Burks. Jo Ann akaja kuwa rais wake, na suala la mabasi akalishika kwa mikono miwili.

HAMISI: Kuna ile barua kwa meya. Mimi nikiisoma naona kila kitu kimo humo.

ZUHURA: Ya tarehe 21 Mei 1954, siku nne tu baada ya Mahakama ya Juu kupiga marufuku ubaguzi shuleni. Anamwandikia Meya Gayle kwa adabu kabisa. Anaomba weusi wajaze viti kuanzia nyuma kuja mbele na Wazungu kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka basi lijae. Anaomba watu wasishushwe wazungukie nyuma. Anaomba basi lisimame kila kona mitaa ya weusi, kama linavyosimama mitaa ya Wazungu. Halafu anamweleza kwamba jumuiya zaidi ya 25 zinazungumzia mpango wa kugomea mabasi.

HAMISI: Mwaka mmoja na nusu kabla ya Rosa Parks kukamatwa! Meya alikwisha kuambiwa.

ZUHURA: Kwa maandishi. Sasa njoo Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955. Rosa Parks amekamatwa. Usiku umeshaenda sana, Jo Ann anapata habari kwa wakili Fred Gray. Anampigia mwenzake wa chuo, John Cannon, mwenye ufunguo wa chumba chenye mashine ya kudurufu. Wanaingia chuoni usiku wa manane, yeye, Cannon na wanafunzi wawili. Wanapanga ujumbe uleule mara tatu kwenye karatasi moja, wanadurufu, kisha wanakata. Makumi ya maelfu ya vipeperushi, mpaka karibu na alfajiri. Kila kimoja kinawaomba watu wasipande basi Jumatatu.

HAMISI: Na usisahau hicho ni chuo cha serikali ya jimbo. Karatasi ya chuo, mashine ya chuo. Wakubwa wa jimbo wangejua usiku ule, ajira yake ingeishia pale.

ZUHURA: Asubuhi akaingia darasani kufundisha kama kawaida! Kisha akachukua gari na wanafunzi wake, wakazunguka mji kugawa mafurushi. Njia zote walishazichora siku nyingi, na wanachama wa Baraza wakawa wanawasubiri mashuleni, madukani, kwenye saluni. Mchana wa Ijumaa mji mzima wa weusi ulikuwa unajua. Wachungaji walipokutana jioni ile kujadili kama wauunge mkono mgomo, watu walishakuwa na karatasi mkononi.

HAMISI: Hilo ndilo ningependa msikilizaji alishike. Jumatatu, tarehe 5, mabasi yakapita karibu matupu, na siku hiyohiyo kijana Martin Luther King, miaka 26, akachaguliwa kuongoza chama cha kusimamia mgomo. Alikuta moto umeshawashwa.

ZUHURA: Na Jo Ann akabaki nyuma ya pazia kwa makusudi, kwa ajili ya chuo. Bado waliopinga mgomo wakamfuata. Walimvunjia dirisha la nyumba kwa jiwe, wakamwagia gari lake tindikali likatoboka rangi. Mwaka 1960 akaacha kazi, akahama Alabama.

HAMISI: Dada Zuhura, mgomo ulidumu siku 381. Watu lazima wafike kazini, kwa hiyo kukawa na mamia ya magari ya kubebana. Petroli, matairi, bima. Fedha zinatoka wapi?

ZUHURA: Michango ilitoka makanisani na hata nje ya jimbo. Lakini nyingine zilitoka jikoni kwa Georgia Gilmore! Huyu mama nampenda, nitakuomba unipe nafasi.

HAMISI: Endelea.

ZUHURA: Alikuwa mpishi kwenye mkahawa, na mkunga pia, mama wa watoto wengi. Oktoba 1955 alilipa nauli, akaambiwa azungukie nyuma, basi likamwacha. Akaapa hapandi tena. Kwa hiyo yeye aligoma kabla ya mgomo. Ulipoanza, akakusanya wanawake wenzake wakawa wanapika: sandwichi za kuku, pai za viazi vitamu, keki. Wanauza mitaani, kwenye saluni, kwenye mikutano. Hata Wazungu walinunua. Kila mkutano wa usiku kanisani anasimama, anatangaza kiasi walichopata, na ukumbi unalipuka kwa shangwe. Kikundi wakakiita Klabu ya Kutoka Kusikojulikana.

HAMISI: Kwa sababu waliokuwa wanapika wangefukuzwa kazi wakijulikana.

ZUHURA: Yule aliyenunua keki naye hakutaka kujulikana. Ukiuliza hela imetoka wapi, jibu ni moja: kusikojulikana. Sasa Machi 1956 King anashtakiwa kwa kuongoza mgomo. Georgia anapanda kizimbani, anaeleza mbele ya jaji alivyotendewa na dereva. Mkahawa ukamfukuza. King akamshauri apike nyumbani kwake, akamsaidia fedha za kuanzia, na ile meza yake ikawa mahali ambapo viongozi wa harakati walikula na kupanga mambo.

HAMISI: Mimi kilichonishangaza ni ile kesi ya bustani. Baada ya mgomo, mwanawe alipigwa na polisi kwa kukatisha katika bustani ya Wazungu. Georgia na wenzake wakaishtaki manispaa, na mwaka 1959 mahakama ikasema ubaguzi kwenye bustani za umma ni kinyume cha katiba. Manispaa ikaona heri ifunge bustani zote kuliko weusi waingie. Kesi yenye jina lake ilifika Mahakama ya Juu mwaka 1974, kuhusu viwanja vya manispaa kutumiwa na shule za kibaguzi.

ZUHURA: Mpishi wa mkahawa, miaka yote hiyo, hajaachia.

HAMISI: Tumalizie na mahakama basi, maana mgomo peke yake haukubadilisha sheria. Kesi ya Rosa Parks ilikuwa imekwama kwenye rufaa za jimbo. Kwa hiyo Februari 1956 Fred Gray akafungua kesi nyingine ya kupinga ubaguzi kwenye mabasi, mahakama ya shirikisho, na walalamikaji wakabaki wanne, wote wanawake: Aurelia Browder, mama wa watoto sita aliyejisomea mpaka akapata digrii, Susie McDonald, bibi wa miaka ya sabini, Mary Louise Smith, aliyekamatwa Oktoba akiwa na miaka 18, na Claudette Colvin.

ZUHURA: Claudette, miaka 15! Miezi tisa kabla ya Rosa Parks, tarehe 2 Machi 1955, alikataa kumpisha Mzungu. Shuleni walikuwa wakisoma historia ya weusi, kina Sojourner Truth na Harriet Tubman, wanawake waliopigania uhuru wa watumwa. Aliwaambia polisi kwamba ni haki yake ya kikatiba kuketi pale. Wakamburuta nje ya basi.

HAMISI: Mbona hawakumfanya yeye uso wa mgomo?

ZUHURA: Sababu moja ni ya kisheria: rufaa iliacha shtaka la kumpiga askari tu, la ubaguzi likaondolewa, kwa hiyo hapakuwa na cha kupinga. Lakini pia walimwona mtoto, familia maskini, ngozi nyeusi sana, halafu akapata ujauzito. Mimi naelewa hesabu za viongozi, lakini sikubali alivyotengwa. Na walipohitaji mtu wa kusimama mbele ya majaji watatu bila kutetereka, Mei 1956, walimwita nani? Binti huyohuyo, sasa ana mtoto mchanga.

HAMISI: Na wakashinda, Juni 5, majaji wawili kwa mmoja. Mahakama ya Juu ikathibitisha Novemba 13, amri ikafika Montgomery Desemba 20, kesho yake weusi wakaketi mbele.

ZUHURA: Claudette akahamia New York, akafanya kazi ya kuuguza wazee kwa miaka mingi. Rekodi yake ya kukamatwa ujanani ilifutwa mwaka 2021, akiwa na miaka 82. Aliomba mwenyewe, akisema anataka wajukuu wajue.

HAMISI: Kipindi kijacho tunaingia Mississippi, kwa Annie Devine na Victoria Gray, waliokwenda pamoja na Fannie Lou Hamer kudai viti vya Bunge mwaka 1965. Kama una swali kuhusu wa leo, tutumie sauti, tutajibu mwanzoni mwa kipindi.

ZUHURA: Asanteni.