Nyeusi Zaidi ya Moja: Kerry James Marshall, Mchoraji na Mwalimu

REHEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tunamzungumzia Kerry James Marshall, mchoraji Mmarekani mweusi aliyezaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1955 na kukulia Los Angeles, ambaye baadaye alifundisha uchoraji katika Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago, kuanzia 1993 hadi 2006. Kaka Baraka, tuanzie wapi?

BARAKA: Tuanzie kwa mwalimu wake, dada Rehema. Marshall akiwa bado kijana wa shule alibahatika kuingia katika darasa la Charles White, kwenye Taasisi ya Sanaa ya Otis, akamwona kwa macho yake mtu mweusi aliyekuwa akiwachora watu weusi kwa ustadi na kwa heshima. Alirudi hapohapo kusoma, akapata shahada yake mwaka 1978, na mwaka uliofuata White akafariki.

REHEMA: Mwaka 1980 ikaja ile picha ndogo ambayo mimi siachi kuirudia. Ni karatasi isiyofikia ukubwa wa ukurasa wa daftari, iliyopakwa rangi zilizokorogwa kwa kiini cha yai. Mtu mweusi, mwenye kofia nyeusi na koti jeusi, yumo ndani ya giza. Kinachokupokea kwanza ni weupe wa macho, weupe wa shati, na meno yenye pengo. Ukiitazama kwa utulivu ndipo uso unapoanza kujitokeza, nawe unatambua kwamba alikuwapo muda wote.

BARAKA: Hapo ndipo Kiswahili kinaponisaidia kumwelewa. Rangi zenye vivumishi vyake hasa kwetu ni tatu tu, -eusi, -eupe na -ekundu, na nyingi nyingine tunazitaja kwa kufananisha: rangi ya majani, rangi ya kahawa, rangi ya maziwa. Tukishasema "nyeusi" tunadhani tumemaliza. Marshall, kwa upande wake, huanza na nyeusi tatu, yaani ile ya mifupa iliyochomwa, ile ya masizi na ile ya oksidi ya chuma, kisha huzitia buluu, kijani au zambarau, hata moja ikawa na ubaridi na nyingine ikawa na joto. Ndiyo maana ngozi za watu wake, ingawa ni nyeusi tititi, zina kina na uhai.

REHEMA: Na huo ni ufundi, kaka. Kipaji huwezi kumgawia mwanafunzi, lakini namna ya kuchanganya nyeusi tatu unaweza kumwonyesha mezani, akajaribu, akakosea, akarudia. Kwangu mimi ualimu wake na uchoraji wake ni kazi moja. Hata maonyesho yake makubwa ya mwaka 2016, yaliyoanzia Chicago yakaenda New York na kisha Los Angeles, yaliitwa Mastry, jina linalotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya umahiri.

BARAKA: Umahiri huo ulikuja kupandishwa bei. Mei 2018 picha yake Past Times, ambayo mamlaka moja ya umma ya Chicago iliinunua kwa dola 25,000, iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 21. Miezi michache baadaye jiji lenyewe likataka kuuza Knowledge and Wonder, picha aliyoichora mwaka 1995 kwa ajili ya maktaba ya umma ya Legler.

REHEMA: Jambo hilo lilinichoma moyo, kwa sababu picha ile haikuchorwa kwa ajili ya tajiri yeyote. Marshall alilipinga waziwazi, na Novemba mwaka huohuo picha ikaondolewa mnadani.

BARAKA: Tuwaeleze wasikilizaji inaonyesha nini.

REHEMA: Inaonyesha watoto na watu wazima weusi waliotupa mgongo, wakitazama vitabu virefu kuliko wao.