Ndugu Watano, Dada Wawili na Asili ya Wakroatia

Mheshimiwa Mwenyekiti, mabibi na mabwana, waliowahi kunisikia nikilizungumzia jambo hili, yaani Wakroatia, watu wa Kroatia, walitoka wapi, wanajua nitaanzia wapi, nami nawaomba wanivumilie. Katikati ya karne ya 10, Kaisari Konstantino wa Saba wa Bizanti, yaani Dola ya Kirumi ya Mashariki, alimwandalia mwanawe kitabu cha kumfunza utawala. Sura ya 30 inaeleza kwamba Wakroatia walitoka nchi iliyo ng'ambo ya Bavaria wakiongozwa na ndugu watano, ambao ni Klukas, Lobelos, Kosentzis, Muhlo na Hrobatos, pamoja na dada zao wawili, Tuga na Buga, wakaingia Dalmatia, pwani ya Bahari ya Adriatiki, na kupigana na Waavari, wapanda farasi waliotawala huko, kwa miaka kadhaa hadi wakawashinda. Hadithi tamu kabisa. Sasa someni sura inayofuata: ndugu hawapo, dada hawapo, na badala yao yuko Kaisari Heraklio, aliyetawala mwaka 610 hadi 641, akiwaamuru Wakroatia wawafukuze Waavari. Kitabu ni kimoja, safari ni mbili, na hiyo ya pili inamfaa sana msimulizi wake, kwa kuwa anayedai kuwa babu zake ndio waliogawa ardhi hakosi kudai haki juu ya ardhi hiyo.

Mtaniambia kwamba simulizi huhifadhi ukweli. Sikatai, ila hii imeandikwa miaka mia tatu baada ya tukio, na walioishi karibu na tukio wako kimya. Papa Yohane wa Nne, ambaye mwenyewe alikuwa mzaliwa wa Dalmatia, alimtuma Abate Martin huko mnamo mwaka 641 kuwakomboa mateka, na habari za safari hiyo zinawataja wapagani bila kuwataja Wakroatia. Hata kumbukumbu za Wafranki, waliotawala sehemu kubwa ya Ulaya ya Magharibi, za mwaka 818 hadi 821, zinazomzungumzia mtawala Borna, zinamwita kiongozi wa Waguduskani, kabila la huko, kisha wa Dalmatia, na jina tunalolitafuta, la Wakroatia, halimo.

Ndiyo maana mimi nang'ang'ania jiwe. Huko Šopot, karibu na Benkovac, lilipatikana mwaka 1928 boriti la jiwe la kizuizi kilichotenganisha madhabahu na waumini kanisani. Limevunjika, lakini herufi zake za Kilatini zinamtaja Branimir, aliyetawala mwaka 879 hadi 892, kuwa mtawala wa Wakroatia. Hati ya mtawala Trpimir ya mwaka 852 inawataja Wakroatia mapema zaidi, ila tuliyo nayo ni nakala ya karne ya 16, na nakala hunakiliwa na watu wenye mambo yao.

Namwona bwana mmoja hapo nyuma amekwisha kuinua mkono, na najua atanitajia Tanais. Ni kweli, katika magofu ya mji huo, penye mlango wa Mto Don, yamepatikana maandishi ya Kigiriki ya karne ya 2 na ya 3 yenye jina la mtu, Horoathos, linalofanana na Hrvat, jina ambalo Mkroatia hujiita, na wako wanaoona kwamba jina hilo lina asili ya Kiirani, na hivyo Wakroatia wenyewe pia. Huenda wamepatia kuhusu jina. Lakini Wafaransa huiita tai ya shingoni cravate, neno lililotokana na askari wa Kikroatia wa karne ya 17. Je, kila Mfaransa aliyefunga tai ametoka Zagreb? Jina husafiri peke yake. Lugha ya Wakroatia ni ya Kislavi, na hilo halifutwi na jina la mtu mmoja katika orodha ya Tanais.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikusudia kuyaeleza makaburi ya Biskupija, karibu na Knin, yenye panga za Kifranki na vyuma vya kisigino vya wapanda farasi, ambayo yamewafanya baadhi ya wataalamu waamini kwamba Wakroatia walifika karibu na mwaka 800, Wafranki walipokuwa wakiwavunja Waavari. Mtawala Tomislav, ambaye barua ya Papa ya mwaka 925 inamwita mfalme, itabidi asubiri, na Jiwe la Baška, lenye maandishi ya kale ya Kikroatia, pia.