Farasi Hula Hata Masika

MJOMBA: Assalaam alaikum wasikilizaji. Karibuni tena barazani. Mvua imetufungia ndani, kwa hiyo mkisikia kishindo ni mabati, si vita. Mimi ni yule yule, na mwenzangu ni mpwa wangu, ambaye mamaake nusura amtie kufuli chumbani.

MPWA: Mjomba, hata salamu hujaniacha nitoe! Waalaikum salaam jamani.

MJOMBA: Si kweli? Mtoto kasomeshwa skuli mpaka kidato cha sita, siku moja anasema anakwenda Paje, kule pwani ya mashariki ya Unguja, kuchukua mavi ya farasi.

MPWA: Kuzoa, Mjomba. Na nilizoa misimu mitatu. Vijana wakinisimamisha njiani huniuliza: kazi ya farasi ina pesa? Nami huwauliza: unataka pesa za juu au za chini?

MJOMBA: Za juu ndizo zipi?

MPWA: Za tandikoni. Unampandisha mgeni, unakamata hatamu, mnatembea pwani saa moja, unampiga picha, anakupa bakhshishi. Kila mtu anaitaka hiyo. Ila bwana mkubwa wa pale si meneja, ni maji.

MJOMBA: Hapo sasa.

MPWA: Mgeni anataka jua likichomoza. Ikiwa ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji yamejaa kwenye saa kumi alfajiri, na jua likitoka bado hayajapata pa kwenda. Farasi apite wapi, minazini? Maji yanakauka saa nne, saa tano, na wakati huo mchanga unawaka na farasi anatoka povu shingoni. Maji mafu, yale yanayojaa na kupwa kidogo, ndiyo raha, asubuhi mchanga upo. Kwa hiyo nusu ya mwezi unafanya kazi, nusu unawaeleza wageni habari za mwezi.

MJOMBA: Mvuvi yeyote angekwambia hayo bure.

MPWA: Tena umbali wenyewe una mashaka. Maji yakitoka, Paje unaona mchanga mpaka karibu na mwamba, mgeni anataka akimbize huko. Huko kuna mashimo na mashuke, wale wadudu wa baharini wenye miba. Farasi akikanyaga shuke, miba inakatikia ndani, na wewe ndiye utakayekaa na beseni na taa usiku.

MJOMBA: Nakumbuka kisa cha yule mgeni mnene.

MPWA: Ah, usinikumbushe. Farasi wetu mkubwa alikuwa na kilo mia nne na kidogo. Kwa desturi mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wake, na tandiko limo humo humo. Ndiyo kusema kilo themanini hivi. Huyu bwana, Mungu amuweke, alipita hapo kwa mbali. Nikamwambia kwa adabu kwamba leo atatembea kwa miguu pamoja na farasi, picha nitampiga. Yeye alikubali, akacheka! Aliyekasirika ni papasi aliyemleta, hawa vijana wanaotafutia watu wageni.

MJOMBA: Kamisheni imeruka.

MPWA: Akaniambia, "Weye unamwonea huruma mnyama, mie nina watoto." Nilinyamaza, maana watoto wake nawajua. Lakini mgongo ukishachubuka chini ya tandiko, farasi anakaa wiki kadhaa bila kazi, na hapo hakuna anayekula. Wala jina hilo la papasi sikulitunga mimi, maana yake ni kupe, na kupe ndio niliokuwa nikiwatoa masikioni mwa farasi kila jioni.

MJOMBA: Haya, wasije wakatufuata. Nikwambie, zamani farasi asingekaa kisiwani kwa salama namna hiyo. Kulikuwa na mbung'o, hasa upande wa Jozani, na ugonjwa wake farasi hauwezi kabisa. Kuanzia 1994 zikaja ndege zikimwaga mbung'o wengine kutoka juu. Sisi tukasema serikali imeingiwa na wazimu.

MPWA: Madume waliohasiwa kwa mionzi.

MJOMBA: Wakifugwa Tanga. Jike akipandwa na mmoja wao, hazai. Kufika 1997 Unguja haina mbung'o. Ng'ombe wetu wakanenepa, na ninyi mkapata kazi ya farasi.

MPWA: Hilo sikuliwaza. Mama angelijua angelaumu ndege zile badala ya kunilaumu mimi.

MJOMBA: Mamaako alikuwa na lake. Mtoto wa kike, suruali, farasi.

MPWA: Nilimjibu kwa Bibi Salme. Mtoto wa Sayyid Said, Sultani wa zamani, kule kasri la Mtoni, wakifundishwa kupanda wanyama wavulana kwa wasichana. Mama akauliza, wasichana walipewa farasi? Nikasema hapana, walipewa punda weupe wa Maskati. Akasema, "Basi."

MJOMBA: (anacheka) Alikushinda. Haya, pesa za chini.

MPWA: Za kwatoni. Nilizijua masika. Mwezi wa nne, wa tano, wageni hakuna. Pale nilipokuwa, sipataji jina, tuliambiwa mshahara nusu, na mwaka uliofuata tukaambiwa nendeni nyumbani mpaka wa sita. Lakini farasi wa kilo mia nne anakula kilo nane za majani makavu kwa siku, mvua inyeshe isinyeshe. Anakunywa ndoo mbili, tatu. Kwato zinaota. Mtu aliyejua kumpandisha mgeni tu alirudishwa kwao. Aliyejua kumtunza mnyama alibakizwa.

MJOMBA: Nawe ulijua?

MPWA: Nilijua kushika mguu. Kila wiki sita au nane alikuja fundi wa kwato kutoka bara, na mimi nilikuwa namshikia. Unasimama umeelekea mkia, unapitisha mkono chini ya mguu mpaka kifundoni, unabana kidogo, anautoa mwenyewe. Unauweka baina ya mapaja yako. Unachokoa mchanga kwa kijichuma, na katikati kuna nyama ngumu kama mpira, ina umbo la V. Hapo unanusa.

MJOMBA: Unanusa!

MPWA: Pua ndiyo dawa ya kwanza. Ikinuka kama maji ya mbata iliyooza na ukitia kijichuma kinatoka cheusi, ukwato unaoza, na masika inaoza sana kwa sababu banda halikauki. Kisha kisu, kisha tupa, unalinganisha pande mbili. Msimu wa kwanza nilishika, wa pili akaniachia tupa, wa tatu akapiga simu kwamba meli imemwacha, nianze mwenyewe.

MJOMBA: Na tumbo? Maana nasikia farasi hufa kwa tumbo.

MPWA: Farasi hatapiki, Mjomba. Kikiingia kimeingia. Ukimtupia majani chini pwani, anakula na mchanga, na mchanga unakaa tumboni. Unachukua mabonge mawili matatu ya mavi, unayavuruga kwenye ndoo ya maji, unasubiri. Mchanga ukituama chini, umeshachelewa kidogo. Tangu hapo chakula kikawa kwenye mapipa yaliyokatwa. Halafu kuna pepopunda. Kidonda kidogo cha msumari tu. Chanjo yake usiifanyie ubahili, jina lenyewe limeshamtaja jamaa yake.

MJOMBA: Sasa wale farasi kisiwani ni wangapi hata fundi ashibe?

MPWA: Hawashibishi. Ndipo nikawaangalia punda. Huku mashamba punda anavuta gari la mchanga, la matofali, la kuni, kwato zimepinda kama ndara za zamani na mwenyewe anasema mvivu. Wa kwanza nilimkata kwato bila malipo. Siku ya tatu mwenyewe akaja nyumbani na jirani yake na elfu kumi. Sasa nina duru yangu: farasi wa pwani tarehe zao, punda katikati. Mavi yaliyooza vizuri namuuzia mtu wa mchicha.

MJOMBA: Na mateke? Si ndiyo shukrani yake?

MPWA: Nina alama moja ya teke, pajani. Ya farasi.

MJOMBA: Basi nisikilize. Jirani yangu ana ng'ombe wa gari, anachechemea tangu Ijumaa. Njoo kesho.

MPWA: Ng'ombe ana kwato mbili kila mguu, Mjomba. Zidisha bei.

MJOMBA: Hata kwangu?

MPWA: Si umesema ng'ombe ni wa jirani?