Jioni ya kambini: namna ya kupumzika kwenye windo la kondoo wa Dall, Alaska

Karibu, mtazamaji. Leo hatufundishi shabaha wala kunyatia. Tunaanzia pale unapotua begi jioni, magoti yanawaka moto, soksi zimelowa, na kesho mlima ni uleule. Tuko kwenye safu ya Brooks, kaskazini mwa Alaska, ambako msimu wa kuwinda kondoo wa Dall, kondoo-mwitu weupe wa milimani, kwa kawaida hufunguliwa tarehe 10 Agosti na kufungwa 20 Septemba. Kambi yetu ni ya watu wawili, siku 10, na vyote vimebebwa mgongoni.

Jioni ya kwanza sheria yenyewe inakupumzisha. Ukishushwa na ndege ndogo leo, huruhusiwi kumpiga kondoo mpaka ipite saa tisa usiku wa kuamkia kesho. Basi usikimbilie kileleni na darubini. Tafuta mahali pazuri pa hema, maana usingizi wa siku zote zilizobaki unategemea hapo.

Tazama bonde hili. Kule chini kando ya mto panavutia: tambarare, changarawe ndogo, maji karibu. Achana napo. Usiku hewa baridi hushuka na kutuama bondeni, umande unakuwa mwingi, na mvua ikinyesha huko juu mto hupanda. Kwenye mgongo wa mlima nako upepo utatandika hema usiku kucha, tena kondoo, ambao macho yao ni makali sana, watakuona kutoka mbali. Tunataka katikati: kijukwaa kidogo cha nyasi, juu ya mto, nyuma ya mwinuko unaolificha hema lisionekane kutoka malishoni. Upande mwembamba wa hema uelekee unakotoka upepo. Kigingi kisiposhika kwenye mawe, funga kamba kwenye jiwe refu, kisha liegemezee jiwe zito zaidi.

Sasa umerudi kambini jioni. Kitu cha kwanza si chakula, ni mwili ambao bado una joto. Ukiketi na jasho mgongoni, kwa dakika 10 tu utaanza kutetemeka, na kurudisha joto lililopotea ni kazi kubwa kuliko kulilinda. Vaa koti zito kabla hujafungua begi. Shati likiwa na unyevunyevu tu, livae hivyohivyo chini ya koti. Joto la mwili litalikausha wakati unapika. Likiwa limelowa chepechepe, livue na ulikamue.

Kisha miguu. Hapa usifanye haraka, kwa sababu wengi wanaokatisha safari hii hukatishwa na miguu. Vua buti, legeza kamba mpaka chini, toa nyayo za ndani. Osha miguu, kausha katikati ya vidole, halafu iache wazi kwa dakika 20 au 30 ikiwa imeinuliwa juu ya begi. Ngozi ikiwa nyeupe na imejikunja kama ya mtu aliyefua siku nzima, imekaa majini mno. Isipokauka leo, kesho itachunika. Lengelenge dogo lisilouma liache, libandike plasta. Likiwa kubwa na linauma, choma sindano kwenye moto, ipoe, litoboe pembeni karibu na ngozi nzima, toa maji, na usiibandue ile ngozi ya juu. Ndiyo bendeji bora kuliko zote. Mwisho vaa soksi za kulalia. Jozi hii haitoki nje ya hema hata mara moja. Hata kujisaidia, zivue.

Jiko tunalipeleka mita 100 hivi kutoka kwenye hema, upande upepo unakoelekea, kwa sababu ya dubu. Hapa hakuna miti ya kuning'iniza chakula, kwa hiyo kila chenye harufu, pamoja na dawa ya meno, kinalala huko kwenye kopo gumu lisilofunguliwa na dubu. Dawa ya pilipili ya kumfukuzia dubu, nayo, ikae hemani mahali mnapopajua nyote wawili hata gizani. Usipikie ndani ya hema lililofungwa hata mvua ikimwagika: jiko hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na huua aliyelala.

Kwa jiko dogo la kawaida, panga kama gramu 15 za gesi kwa kila lita ya maji unayochemsha. Lita 2 kwa mtu kwa siku, siku 10, ni gramu 300; kwa watu wawili ni 600. Beba mitungi mitatu ya gramu 230, ukijua kwamba upepo unaweza kuongeza matumizi maradufu. Panga mawe ya kukinga upepo upande mmoja tu. Ukiuzungushia mtungi kinga pande zote unapata joto kupita kiasi na unaweza kulipuka. Mwali ukififia kwa baridi, usimlaumu muuzaji: butani huacha kugeuka gesi karibu na nyuzi sifuri. Simamisha mtungi kwenye sahani yenye maji ya uvuguvugu, si ya moto.

Chakula kikavu cha pakiti kinaharibika kwa makosa mawili. La kwanza, watu husahau kutoa kile kifuko kidogo cha kunyonya oksijeni kabla ya kumimina maji. La pili ni haraka. Kwenye mita 1,500 maji huchemka karibu na nyuzi 95, kwa hiyo ongeza dakika 5 juu ya muda ulioandikwa. Koroga mpaka pembe za chini, funga pakiti, ivike kofia yako ya sufu. Halafu mimina kijiko kikubwa cha mafuta ya zeituni. Hicho kimoja kina kama kalori 120, na ndizo zitakazokupa joto saa nane za usiku. Baada ya hapo, maji ya moto yenye tangawizi ya unga na sukari. Majani ya chai yaache kwa asubuhi, usije ukakesha ukihesabu kondoo usiowaona.

Maji ya mito ya barafu ni kama maziwa kwa vumbi la mawe, nayo huziba chujio. Yaache yatuame sufuriani, uchuje ya juu.

Kabla ya kulala, jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu ya lita 1, kaza kifuniko, igeuze kichwa chini uone kama inavuja. Ivalishe soksi iliyokaribia kukauka, kisha iweke katikati ya mapaja, maana hapo ndipo mishipa mikubwa inapopita. Miguu itapata joto kutoka huko. Usirundike nguo zilizolowa ndani ya mfuko wa kulalia wa manyoya: yakinyonya maji hayaumuki tena. Fungua matundu ya hewa ya hema pande mbili, hata kama kuna baridi. Ukiyafunga, pumzi zenu zitageuka matone na kuwanyeshea.

Kuna siku ukungu utafunika kila kitu, na rubani hatakuja. Ndiyo maana unabeba chakula cha siku 2 au 3 za ziada. Siku hiyo kula nusu ya mgao, cheza karata, lala bila aibu. Lakini kila baada ya saa kadhaa toka nje: kaza kamba, nyoosha mgongo, kojoa. Jua likichungulia hata robo saa, tandaza mifuko ya kulalia kabla ya kushika darubini.

Bunduki ikae na chemba tupu, yaani bila risasi mtutuni, chini ya ukumbi wa hema. Ukiiingiza kwenye joto la ndani itatoa jasho, na unyevu huo ukiganda alfajiri kitasa cha bunduki kitakataa kusogea.

Mwanzoni mwa Agosti mwanga haukatiki vizuri hata saa sita usiku, kwa hiyo vuta kofia mpaka machoni. Mwezi wa Septemba unapobisha hodi, betri za simu ya setilaiti lala nazo, na buti ziingize ndani ya hema zisigande. Taa ya kichwa iweke ndani ya buti la kulia.