Pua Isiyotoa Usaha: Mazungumzo na Wagonjwa wa Saratani ya Damu na Wanaowauguza

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie mafua yasiyoisha kwa mwenye leukemia, yaani saratani ya damu, na nitaanza na usaha. Mnisamehe mlioshika vikombe vya chai.

Usaha kwa sehemu kubwa ni mizoga ya chembe nyeupe za damu zilizokufa zikipigana na vijidudu. Mtu mzima wa afya akishikwa na sainasi, ile mifuko ya hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso, kamasi huwa nzito, shavu huuma, uso hujaa. Mateso yote hayo ni kinga ikiwa kazini. Sasa mtazameni aliye kwenye kemo, zile dawa kali za kuua saratani. Chembe zinazotangulia vitani, nyutrofili, zinaweza kushuka chini ya 500 katika maikrolita moja ya damu. Vijidudu vinaingia, usaha hautoki kwa kuwa wa kuutoa hayupo. Pua imetulia, ndugu wanasema afadhali leo. Mimi pua hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Huwa naulizwa: “Daktari, mbona majibu yanasema chembe nyeupe ni laki na ushee?” Ni kweli, shamba limejaa mabua, lakini magunzi hayana punje. Kwenye leukemia ya limfositi ya muda mrefu, ile inayowapata zaidi watu wazima na kwenda taratibu, limfositi, aina mojawapo ya chembe nyeupe, ni tele ila hazijui kazi, na kingamwili iitwayo IgG hupungua. Ndio hao wanaotoka kwenye sainasi wakaingia kwenye kifua, mwaka mzima. Kwa hiyo kabla hujameza dozi ya tano ya antibayotiki, uliza: IgG yangu ni ngapi? Baadhi ya wenye upungufu na maambukizi makali ya kujirudia huwekewa dripu ya kingamwili zilizochujwa kwenye damu ya wachangiaji wengi, kila baada ya wiki tatu au nne. Bei yake inatisha, sitawaficha.

Na wewe unayetumia imatinib, kidonge cha leukemia, ukiamka kope zimevimba usikimbilie kusema sainasi. Mara nyingi ni dawa yenyewe inayotuamisha maji hapo. Mwambie daktari wako, usiiache dawa.

Nyumbani mfanye nini? Osheni pua kwa maji ya chumvi: nusu kijiko cha chai katika kikombe cha mililita 250. Maji yachemke kwelikweli, yapoe yakiwa yamefunikwa. Si ya bomba, si ya kisima. Karachi, Pakistan, wamekufa watu walioingiwa puani na amiba iliyokuwa kwenye maji ya bomba, wengine wakitia udhu tu. Ni nadra, lakini kuchemsha maji ni kazi ndogo. Waislamu wenzangu, ya kupandisha puani nayo yawe yaliyochemshwa.

Kujifukiza? Tangu 2020 kila nyumba ina fundi wa nyungu. Mvuke hulegeza kamasi kidogo, basi. Nimeona zaidi waliobabuka kuliko waliopona, na ngozi iliyoungua ni mlango mwingine wa vijidudu.

Dukani msinunue diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya kichwa. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikiwa chache, damu ya pua haikatiki. Hata parasetamoli, pima joto kwanza ndipo umeze, maana inaficha homa. Na anayetumia ibrutinib, kidonge kingine cha leukemia, asipewe antibayotiki ya klarithromisini wala dawa ya fangasi bila daktari wake wa damu kujua. Dawa hizo huipandisha ibrutinib mwilini kupita kiasi.

Kipimajoto kikisoma 38 na zaidi, usingoje kuche. Nenda usiku huohuo. Vivyo hivyo shavu la upande mmoja likifa ganzi, ukiona vitu viwiviwili, au doa jeusi likitokea puani au kwenye kaakaa. Hiyo yaweza kuwa kuvu ileile iliyowapata maelfu India mwaka 2021. Inakula mfupa, na hapo tunahesabu saa, si siku. Kila jioni mwambie mgonjwa apanue mdomo, ummulike na tochi ya simu.

Haya, nipitishieni ile chupa ya kuoshea pua na beseni. Mama uliyekaa mbele, njoo unisaidie. Inama, pumua kwa mdomo, usimeze.