Nipo Uwanja wa Seneti, Helsinki: Jenerali Bobrikov na maua ya tarehe 13 Machi

Shikamooni wakubwa zangu, mambo vipi wenzangu, karibuni tena. Leo nipo nje, mnaona mvuke unavyonitoka mdomoni, nyumbani huko mnasubiri masika huku theluji bado ipo chini kama mnavyoiona. Kanisa lile jeupe lenye makuba ya kijani ndio Kanisa Kuu, na huu ni Uwanja wa Seneti, katikati kabisa ya Helsinki. Nitaongea harakaharaka maana simu kwenye baridi hii inakula chaji vibaya mno.

Kuna kaka aliandika kwenye komenti za video iliyopita kwamba wazungu wa huku hawawezi kujua uchungu wa kutawaliwa. Kaka yangu nimeisoma komenti yako mara mbili, na sikutaka kukujibu kwa maandishi, nimekuja kukujibu hapa hapa kwa heshima zote, kwa sababu hata mimi nilikuja Ufini nikiamini hivyohivyo.

Hebu nisogee. Huyu aliyesimama juu ni mfalme wa Urusi, Alexander wa pili. Ndio, mfalme wa Urusi, katikati ya mji mkuu wa Ufini, mpaka leo, na hakuna aliyemwangusha. Mara ya kwanza kuiona nilishangaa sana, nikawa najiuliza hawa watu vipi, mkoloni wao wanamwacha hapo? Nilipoanza kusoma ndio nikaelewa.

Ufini ilikuwa ya Uswidi kwa mamia ya miaka, Urusi ikaja kuichukua kwa vita, na mwaka 1809 mfalme Alexander wa kwanza akawaita wawakilishi wao mji wa Porvoo, hapo mashariki kidogo, akawaahidi kwamba sheria zao, dini yao na haki zao ataziheshimu. Basi wakawa nchi ndani ya himaya. Walikuwa na Seneti yao, yaani serikali yao ya ndani, forodha yao, stempu zao, kuanzia 1860 pesa yao wenyewe, markka, baadaye hata jeshi lao dogo. Bunge ndio lililala muda mrefu, likaja kuitishwa tena 1863, na aliyeliitisha ni huyuhuyu mnayemuona hapa juu. Ndio maana wanampenda. Mfalme mwenyewe alikuwa na mtu wake hapa Helsinki, anaitwa gavana mkuu.

Sasa Agosti 1898 akateuliwa gavana mkuu mpya, Jenerali Nikolai Bobrikov. Huyu alikuwa mnadhimu mkuu wa jeshi la mkoa wa Petersburg kwa miaka mingi, kwa hiyo anaiangalia Ufini kwa jicho la mwanajeshi. Mji mkuu wa Urusi wakati huo ni Petersburg, na Petersburg kutoka mpaka wa Ufini ni karibu mno, halafu Ujerumani inazidi kupata nguvu, yeye anaona pale mlangoni kwake kuna watu wenye sheria yao, lugha yao, pesa yao, anasema hii ni hatari, hawa lazima wawe Warusi kama wengine. Nataka niwe mkweli, hakuwa mwizi, hakuja kujaza mfuko, alikuwa mchapakazi anayeamini kabisa anachofanya. Na mimi naona hapo ndipo ugumu ulipokuwa, maana mtu wa rushwa unaweza hata ukaelewana naye, ila anayeamini yuko sahihi utamwambia nini?

Tarehe 15 Februari 1899 likatoka tamko la mfalme Nicholas wa pili, kwamba sheria zozote zinazogusa himaya nzima zitaamuliwa Petersburg, bunge la Ufini litatoa ushauri tu. Na kipi kinagusa himaya nzima? Anayeamua ni mfalme. Yaani ile ahadi ya 1809 imeondoka kwa karatasi moja.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Hawa watu hawakushika panga. Walifanya mkusanyiko wa sahihi, kimyakimya, Bobrikov asijue. Wanafunzi na vijana wakavaa ski zile mbao za kutelezea, wakaenda kijiji kwa kijiji, shamba kwa shamba, kwenye theluji, na nyumba za huku vijijini zimeachana mbali sana. Kwa siku zisizofika hata wiki mbili zikapatikana sahihi zaidi ya 520,000. Nchi nzima ilikuwa na watu kama milioni 2.6 hivi, na humo kuna watoto. Hakuna simu ya mkononi, hakuna grupu la watsapu.

Mimi nafanya kazi ya kuhudumia wazee, mnajua. Kuna bibi mmoja, ana miaka zaidi ya 90, ameniruhusu niseme hili bila jina lake. Siku moja namchana nywele, tunaongea, nikamwambia nasoma habari za Bobrikov. Akaushika mkono wangu wenye kitana, akausimamisha. Akaniambia babu yake alisaini. Alikuwa kijana, mfanyakazi wa shamba la mtu, hana hata ng'ombe, na ile sahihi ndio maandishi pekee ya mkono wake ambayo familia inajua yapo, yamehifadhiwa kwenye nyaraka za taifa. Akanichorea kwa kidole kwenye blanketi jinsi herufi ya kwanza ilivyo, polepole, kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilikaa kimya aisee. Mimi babu yangu sina hata karatasi moja yenye mkono wake.

Basi watu 500 wakachaguliwa kupeleka yale majina Petersburg, Machi hiyohiyo. Wakafika. Mfalme akakataa kuwaona. Wakaambiwa rudini makwenu. Baadaye mwaka huohuo wasomi na wasanii wa Ulaya zaidi ya 1,000 wakaandika barua yao kuwatetea, akiwemo Florence Nightingale, yule mama wa wauguzi, nayo haikupokelewa.

Na tarehe kama ya leo, 13 Machi 1899, siku aliyouawa huyu Alexander wa pili miaka 18 nyuma yake, watu wa Helsinki wakaja na maua. Wakajaza hapa chini. Tazameni, ngoja nisogeze kamera, huyu mwanamke aliyeshika ngao na simba pembeni yake anaitwa Lex, maana yake Sheria. Maua yakawekwa miguuni kwa mfalme na kwa huyu mama. Nani atakukamata kwa kumwekea mfalme wa Urusi maua? Lakini kila mtu alijua wanasema nini, na aliyekuwa gavana alijua pia.

Yeye hakurudi nyuma. Mwaka 1900 Kirusi kikatangazwa kuwa lugha ya ofisi za juu, stempu za Ufini zikaanza kuondolewa, watu wakachapisha stempu nyeusi ya msiba wakawa wanaibandika kwenye barua pembeni ya ile ya Urusi. 1901 ikaja sheria mpya ya jeshi, jeshi lao lenyewe likavunjwa, na mwaka uliofuata vijana walipoitwa kuandikishwa zaidi ya nusu hawakutokea. Aprili 1902 hapa hapa niliposimama Wakosaki, wale askari wa farasi wa Urusi, wakaingia na farasi na mijeledi kwenye watu. 1903 Bobrikov akapewa mamlaka ya kidikteta, magazeti yakafungwa, watu kama mwanasiasa Leo Mechelin wakafukuzwa nchini bila kesi.

Jengo lile la njano upande wa mashariki ndio ilikuwa Seneti, leo ni ofisi za serikali. Tarehe 16 Juni 1904, karibu saa tano asubuhi, Bobrikov anaingia, juu anasubiriwa na karani wa elimu anaitwa Eugen Schauman, miaka 29, baba yake alikuwa jenerali wa jeshi la Urusi na seneta. Akampiga risasi 3, kisha akajipiga mwenyewe 2 kifuani akafa palepale. Medali na vifungo vya Bobrikov vilizuia risasi nyingine, moja ikamfika tumboni, naye akafa usiku ule. Schauman aliacha barua kwa mfalme, akisema amefanya peke yake, na akajiita raia mtiifu. Ndani kwenye ngazi kuna kibao cha kumkumbuka.

Mimi siwezi kushangilia risasi, nasema wazi. Kuna watu huku wanamuita shujaa na wapo wanaosema mauaji ni mauaji, na mimi moyo wangu unabaki kwa wale wa ski na wale wa maua.

Mwaka uliofuata, 1905, ukaja mgomo mkubwa, mfalme akalegeza, na 1906 wakapata bunge jipya ambalo wanawake walipiga kura na kugombea. 19 wakaingia bungeni 1907. Halafu shinikizo likarudi, 1909 akaja gavana mwingine, Franz Albert Seyn, ambaye zamani alikuwa mkuu wa ofisi ya Bobrikov mwenyewe, akakaa mpaka mapinduzi ya Machi 1917 alipokamatwa hapa Helsinki akapelekwa Petrograd, ndio Petersburg ileile kwa jina jipya. Tarehe 6 Desemba mwaka huo Ufini ikajitangazia uhuru.

Kaka wa komenti, hilo ndilo nililotaka kukuonyesha. Chaji imebaki asilimia 9. Nimenunua ua moja, tulipani, naliweka hapa kwa Lex, mnaona, na nalipiga picha, kwa sababu bibi miguu haimruhusu tena kufika mjini. Kesho zamu yangu inaanza saa moja, nitamuonyesha wakati wa chai.